Kabati la Vyombo vya Marehemu

Kifurushi kilikuja na basi la Jeddah. Nikakifuata mwenyewe Batha, jua la Riyadh limenikaa utosini, nikidhani ni dagaa, maana binamu yangu huniletea dagaa. Nilipokifungua ngazini nikakuta taulo, na ndani ya taulo kikombe cheupe cha udongo, mpini umekatika, ufa mweusi umeshuka mpaka kitakoni. Sijasoma hata karatasi iliyokuwa nacho nikajua kikombe cha nani. Karatasi yenyewe ilikuwa mistari miwili: "Baba tumemzika jana baada ya Alasiri. Ameusia kikombe chake uletewe wewe, ukiweke kabatini."

Nilicheka, sahibu yangu. Nilicheka peke yangu pale ngazini mpaka jirani wa chini akatoa kichwa mlangoni. Mjomba! Mtu aliyelitupa kabati anataka kuingia kabatini!

Acha nikueleze hilo kabati, la sivyo utaniona mwanamke mzima nimerukwa na akili kwa kikombe kibovu.

Nimezaliwa Jeddah, Baghdadiyah, katika kichochoro cha watu waliotoka Unguja baada ya mapinduzi. Babu na bibi walifika na sanduku moja na birika. Nyumba yetu ilikuwa ya ghorofa mbili, kuta zinabanduka chokaa kwa chumvi ya bahari, na mashine za baridi za majirani zikitudondoshea maji vichwani tukipita. Asubuhi uliamshwa na harufu ya mkate wa ufuta wa jirani yetu, aliyekuwa na tanuri uani, halafu honi ya lori la maji, halafu bibi akipiga kelele ndoo zitolewe. Mtoto aliyelala baada ya honi ile alioga kwa mate yake, bibi alisema.

Sasa, katika mji ule kaburi halina jina. Maiti huzikwa, huwekwa jiwe kichwani na jiwe miguuni, basi. Mwaka hauandikwi, wala kabila, wala sifa. Tena wanawake hatuingii makaburini. Bibi alizikiwa mume, watoto wawili na nusu ya kichochoro, na hakuwahi kuliona kaburi hata moja. Hakulalamika. Alikuwa akisema, "Mwenyezi Mungu hasomi mawe, anawajua waja wake. Mwenye kusahau ni mimi." Kwa hiyo alitafuta njia yake ya kutosahau.

Mtu akifa kichochoroni, watu wake walimletea bibi chombo kimoja alichokuwa akilia au kunywea. Si cha thamani: bakuli la bati, sahani, gilasi. Kiliingia kabatini, kabati la mbao la milango ya kioo lililokuwa pale ukumbini. Na kila Alhamisi baada ya Alasiri bibi alimchagua mmoja au wawili, akapika alichokipenda marehemu, akakitia ndani ya chombo chake mwenyewe, akakifunika kwa kawa, na sisi watoto tukatumwa nacho nyumba fulani. Mwenye kupokea alipokea kwa mkono wa kulia, akasema, "Mungu amrehemu mwenye chombo," ndipo afunue. Kabla ya kufunua. Bibi alilishikilia hilo: "Rehema haisubiri kujua kilichopikwa."

Hivyo ndivyo nilivyowajua watu ambao wengine sikuwahi kuwaona. Mshona kofia, aliyekupima kichwa kwa vidole tu na kofia ikakukaa kama umezaliwa nayo. Bakuli lake la bati lilikuwa na ukingo wa buluu, na alipenda bokoboko laini kwa sababu tumbo lake lilikuwa na vidonda. Mpiga pasi wa pasi ya makaa, aliyenyoosha kanzu za watu wa Idi mpaka alfajiri kisha yeye akasali na kanzu yenye makunyanzi. Mkunga wa Kipemba, ambaye sahani yake ilijazwa uji wa pilipili manga, ukaenda kwa mzazi yeyote aliye karibu. Na mwalimu wetu wa chuo, mwanamke aliyehifadhi msahafu mzima na hakuweza kupika wali bila kuuunguza. Siku yake bibi aliuunguza wali makusudi, tukapeleka ukoko. Mtaa mzima ulinuka, na watu wakacheka, wakamrehemu. Hakuna hata mmoja wao aliyejenga msikiti wala kuandikwa gazetini. Walifua, walipika, walibeba. Lakini niambie wewe, tajiri gani anayekumbukwa mpaka kwa namna alivyounguza wali?

Rafu ya chini kabisa ilikuwa na bakuli moja limefudikizwa. Hilo nalo la bati, lakini ukingo wake wa kijani. Lilikuwa la dereva wa lori la maji. Dereva huyo siku moja alisimamishwa na askari wa paspoti, ikama yake, kibali cha kuishi, imekwisha. Ili aachiwe, akawaonesha nyumba nyingine yenye mtu asiye na karatasi. Nyumba ile ilikuwa ya jirani yetu wa mikate. Mumewe alichukuliwa akiwa na kanga aliyojifunga kiunoni, akarudishwa Unguja alikoondoka akiwa mtoto, hana wa kumpokea, akafia huko. Dereva naye alikuja kufa juu ya usukani, lori limejaa maji. Walipouliza mbele ya jeneza nani anamdai marehemu, jirani wa mikate alisikika dirishani: "Mimi. Na simsamehe."

Bibi alilipokea bakuli la dereva, maana hakumkataa mtu, lakini alilifudikiza. Asiyesamehewa, chombo chake hulala kifudifudi. Siku yake alipikiwa kama wengine, muhogo wa nazi na pilipili nyekundu nzima imechomekwa katikati, maana hivyo ndivyo alivyoula, ila chakula kilipelekwa kwa mfagiaji wa msikiti, mtu wa mbali asiyejua habari zetu. Kwa jirani wa mikate, hata kivuli cha bakuli lile kisipite.

Nadhani umeshaona kinachokuja. Nilikuwa na miaka tisa. Alhamisi hiyo bibi aliniwekea mabakuli mawili mkekani, yote yamefunikwa, la buluu la jirani na la kijani la msikitini, na mimi nilikuwa na mdako wangu nje, zamu yangu inakaribia. Nikabeba moja bila kutazama ukingo.

Jirani alikuwa mbele ya tanuri, uso umejaa moshi na ufuta. Akapangusa mkono, akapokea. "Mungu amrehemu mwenye chombo," akasema, tena kwa sauti, na akaongeza kwa wema wake, "na amsamehe makosa yake yote, na sisi atusamehe." Ndipo akafunua kawa.

Aliitazama ile pilipili muda mrefu.

"We mtoto. Hili bakuli la nani?"

"La mshona kofia, mama."

"Mshona kofia gani anakula pilipili nzima, kichwa maji wewe? Yule alikuwa akilia kwa bizari!"

Nilianza kulia papo hapo. Bibi alikuwa ameshaliona bakuli la buluu limebaki mkekani. Alifika anakimbia, kanga ya kichwa iko begani, kiatu kimoja. Bibi yangu, ambaye sijawahi kumwona akikimbia tena mpaka anakufa.

"Mwanangu, nisamehe," akamwambia jirani. "Mtoto amekosea. Uliyoyasema hayahesabiki, hukukusudia."

"Hayahesabiki vipi, bi mkubwa, na nimeyatoa kinywani mwangu mwenyewe?" Jirani alilishika bakuli kifuani kama mtu atakayenyang'anywa. "Miaka sita nimelifunga domo langu. Leo limefunguka. Sasa nimwendee Mungu nimwambie nini, nirudishie?"

"Basi nipe niondoke nalo."

"Halas, bi mkubwa. Limeshaingia."

Akakaa kwenye kigoda, akaula ule muhogo. Aliula wote, na pilipili yake, machozi yanamchuruzika, kamasi zinamtoka, mkate unaungua tanurini na hakuna aliyethubutu kuutoa. Alipomaliza akasema, "Hata amekufa, mwanaharamu huyu, ananiliza." Kisha akacheka. Bibi naye akacheka, wakashikana wakicheka na kulia, nami nimesimama nangojea kofi langu. Nililipata nyumbani, tena mawili.

Alhamisi iliyofuata jirani alikuja kwetu na mkate wa moto. Bibi alikuwa hajaligusa bakuli la dereva, limelala kifudifudi vilevile. Nilimuuliza kwa nini asiligeuze na yeye akasema, "Mkono wangu haumsamehei mtu kwa niaba ya mwengine." Jirani aliinama mwenyewe mpaka rafu ya chini, magoti yanalia, akaligeuza, akalipandisha rafu ya juu karibu na la mshona kofia. "Sikusahau," akamwambia bibi. "Nimechoka kuinama kumtazama." Nimeishi na watu wengi, sahibu yangu, wenye elimu na wenye vyeo. Sijaona mtu mkubwa kuliko yule mwanamke mwenye majivu puani.

Mimi mwenyewe sikuwa kama yeye, wala sijawa. Walionikosea nawataja mpaka leo. Kafili wa baba, yule mdhamini wake wa kazi, aliyekataa kuifanya upya ikama yake, nami nikatolewa shule darasa la tatu. Ndiyo maana unaona mwandiko wangu unatembea kama kaa. Mwenye nyumba, aliyetutoa avunje ajenge maduka, akatupa wiki moja. Na mjomba. Mjomba zaidi ya wote.

Wakati huo bibi alikuwa ameshakufa, bakuli lake limo kabatini, la bati jeupe, lina alama ya meno yangu ukingoni. Mama naye ameshakufa. Ndugu zangu mmoja mmoja wamekwisha, wengine kwa maradhi, mmoja barabarani. Mimi nilikuwa huku Riyadh, nakaanga sambusa za kuwauzia mafundi. Pale nyumbani amebaki mjomba. Nilimpigia simu kila siku ya ile wiki. "Mjomba, nakuomba, godoro tupa, friji tupa. Kabati." Akanijibu, "Kabati ni roho yangu, mwanangu. Usiwe na shaka." Siku ya saba akampa mnunua vyuma, kabati na vyote vilivyomo, kwa sababu pikapu ilijaa na televisheni yake haikupata nafasi. Nilipomuuliza, hakuona hata haya: "Vibati vile vimepiga kutu! Nitakununulia vya Kichina, vizuri, vina maua."

Bibi, mshona kofia, mkunga, mwalimu wetu, dereva na pilipili yake. Walikuwa na nyumba mbili, ardhi isiyo na majina na lile kabati, na mjomba akaivunja ya pili. Miaka kumi na moja sikusema naye.

Nimelirudisha kabati kadiri ninavyoweza. Rafu ya plastiki, mabakuli ya kununua Batha, yote yanafanana, ila mimi najua lipi la nani. Alhamisi hupika, nikapeleka kwa jirani wa chini, msichana wa Kenya aliyekuwa yaya nyumba ya watu huko Jeddah, Al-Safa, sasa yuko saluni. Mkristo, lakini maneno ameyashika. "Aunty, leo ni nani?" huniuliza. "Kama ni ule mama wa ukoko, leta mbili." Hajawahi kumwona hata mtu mmoja kati ya hao. Ndiye pekee, zaidi yangu, anayewarehemu kwa chakula. Nikifa mimi, atakumbuka nusu, na akirudi kwao, robo.

Ndiyo maana kikombe kilinikosesha usingizi. Mjomba amelala chini ya mawe mawili kama wengine. Watoto wake hawajui kupika alichokipenda. Nisipomweka, hatokuwa popote, na alilijua hilo mgonjwa yule, ndiyo akausia. Siku tatu nilikiacha ndani ya taulo lake. Mara nikitaka kukipiga ukutani, mara nikiogopa kisivunjike.

Jana Alhamisi nilichemsha chai ya mkandaa, haina maziwa, iliki tatu, sukari mpaka kijiko kisimame, kama alivyoitaka. Nikaitia kikombeni, nikafunika kwa kisahani, nikashuka nacho kwa mikono miwili kwa kuwa mpini hakuna.

"Leo ni nani, Aunty?"

"Mjomba wangu."

"Alikuwa mtu poa?"

"Sema maneno kwanza."

Akapokea kwa mkono wa kulia. "Mungu amrehemu mwenye chombo." Akaningojea nami niseme, kama tulivyozoea. Nilisimama pale mlangoni, nikamwona jirani wa mikate na kamasi zake, nikamwona bibi na kiatu kimoja. Nikasema nilichoweza: "Mungu amrehemu. Mimi kumsamehe nitafuata nikijaliwa."

Kichochoro chetu leo ni maduka ya simu, sijui hata tanuri lilikuwa upande gani. Makaburi yao singeweza kukuonesha, wala bibi asingeweza. Kikombe nimekiosha, nimekipangusa, nimekifudikiza rafu ya chini kabisa, pale ninapolazimika kuinama. Lakini kimo.