Glavu za kuoshea vyombo zilivyonikosesha rafiki Kigali

Wakuu, habari za mapumziko. Hii siyo chai, yamenikuta mwenyewe.

Mimi ni Mnyarwanda niliyekulia Ngara, Tanzania. Nina miaka miwili hapa Kigali. Kinyarwanda changu ni cha kuombea maji, kwa hiyo watu wananikwepa, na mimi nawakwepa.

Naishi Kicukiro peke yangu, kazi iko kiwandani Masoro. Kila asubuhi naenda na pikipiki.

Nyie wa Dar hamjui baridi. Asubuhi ya mvua huku vidole vinakufa ganzi mpaka breki huisikii.

Nikapata dawa: glavu za sufu ndani, juu yake zile nyekundu za mpira za kuoshea vyombo. (Msinishauri mifuko ya plastiki, huku ni marufuku.) Upepo haupiti, maji hayapiti. Shida ni kuzivua, dakika tano nzima, tena kwa kuvuta na meno.

Sasa pale kazini kulikuwa na mzee Idi, mtunza stoo, mzaliwa wa Nyamirambo, mtaa wa Waswahili hapa Kigali. Ndiye pekee aliyekuwa akipiga stori na mimi kwa Kiswahili.

Kila asubuhi alinisubiri getini na mkono ameunyoosha. Huku bila mkono hujasalimia. Hata mwenye mkono mchafu hukupa kifundo cha mkono ushike.

Mimi nikawa nanyanyua tu glavu juu, "Shikamoo mzee," napitiliza kupaki. Nilijua tutaongea mchana tukila pamoja.

Mwezi haukuisha, mzee akaacha kunyoosha mkono. Kisha akaacha kuja getini. Mchana nikawa nakula na simu yangu.

Nikanuna. Nikasema ndivyo walivyo watu wa mjini. Ila iliniuma sana, sifichi.

Siku moja Mama Aline wa jikoni akanichana live: "Wewe iko nasalimia mzee na kitu ya kuosha sahani. Yeye alisema unamuona mchafu."

Nikaenda stoo kumtafuta. Kumbe mzee alikuwa ameshastaafu wiki mbili nyuma.

Jumapili nikamfuata kwake Kibagabaga. Mvua ilinyesha njia nzima, na sikuvaa glavu.

Alifungua mlango. Nikanyoosha mkono. "Shikamoo mzee. Naomba unisamehe."

Akaushika kwa mikono yake yote miwili. "Marahaba. Mkono iko baridi hivi, hauna glavu?"

Wakuu, ulikuwa umepita muda mrefu hakuna mtu aliyenigusa.

Nilichojifunza: ukifika getini simama, vua, hata kwa meno. Acha watu wakusubiri.

Jumatatu nilisimama nikavua. Hapakuwa na mtu wa kumpa mkono, nikaingia.

Wazee wa pikipiki wa Mbeya, Njombe na Arusha, nyie mnavaa nini kinachovulika haraka? Na kama kuna mtu yuko Masoro anaongea Kiswahili, aniandikie hapa chini.