Walipokuja Kununua Hewa Mlimani

Niliposhuka nyumbani kutoka Makambako, ambako nilikuwa nauza duka la vitenge la hajati mmoja, nilimkuta mama hajapika. Mama yangu, asipike! Alikuwa amekaa jikoni na shangazi, dada wa marehemu baba, wamejifunika blanketi kwa baridi, wananisubiri niwaeleze habari ya hewa.

"Eti kuna kampuni inanunua hewa," mama alisema. "Hewa gani, mwanangu? Na kwa nini waitafutie shambani kwangu?"

Nilijua kidogo tu, ya kusikia dukani. Miaka ile ya ubinafsishaji kila kukicha tulikuwa tunaletewa mwekezaji. Huyu alitoka Ulaya, akataka kupanda miti mlimani kwetu ili inyonye moshi wa viwanda vya kwao na kuufungia humo ndani ya magogo na udongo; hiyo ndiyo waliita kununua hewa. Huko kwao walikuwa na makubaliano ya kupunguza moshi, na huku kwetu sera ilisema wenye mitaji wapewe ardhi. Serikali ya kijiji ikasema pori la mlimani halina kazi.

Pori! Lile lilikuwa shamba la ulezi la mama, limepumzishwa. Kwetu shamba la mlimani unalima, unaliacha nyasi zirudi, halafu unalirudia. Mgeni akiona nyasi anaona nyasi. Mpaka waliouchora ulilimeza lote, ukaishia juu kidogo ya shamba la shangazi. La shangazi lilipona. Mama, mjane, akabaki na kibustani cha bondeni kisichotosha hata mboga.

Kesho yake ukaitishwa mkutano mkuu wa kijiji. Sheria ilitaka wananchi turidhie, basi tukaridhishwa. Bwana misitu alisoma masharti na mimi nimekunja ngumi chini ya kitenge. Nilitamani kumrukia. Ndipo likaja sharti moja: kampuni haichukui mahali penye miti tayari, kwa sababu hewa inayolipiwa ni ya miti mipya tu. Mwenye miti yake, hata miwati hii ya kuni, ataachwa nje ya mpaka. Wapimaji wangekuja keshokutwa.

Mama alinibana mkono. Shangazi alikuwa ameshasimama anatafuta njia ya kutokea.

Siku hiyohiyo, mchana kutwa, tuling'oa miche ya miwati iliyojiotea kando ya barabara, tukaibeba na udongo wake kwenye matenga, tukaipanda kwenye shamba la mama. Shangazi ndiye aliyechimba mashimo mengi kuliko sisi. "Fanyeni haraka, mnachimba kama mabibi harusi!" alikuwa anatutania, na mikono yake imechubuka.

Asubuhi yake, hata chai hatujamaliza, wapimaji hao! Wamewahi kwa siku nzima. Tulipanda mlima mbio, shangazi mbele. Tukamkuta bwana misitu amechuchumaa, ameshika mche ulionyauka, udongo wake bado mbichi.

"Nani kapanda hii? Na lini?"

Mama alirudi nyuma, akasimama kando ya shangazi.

Yule bwana akamgeukia shangazi. "Hilo shamba la chini ni lako, mama?"

"Ni langu."

"Basi niambie ukweli. Kampuni imeshaahidiwa eneo, siwezi kulipunguza. Nikiliacha hili, mpaka unashuka na kuchukua hilo lako. Miti hii ilikuwepo?"

Nilimtazama shangazi. Jamani, hilo hatukuliwaza! Neno moja tu angesema, shamba lake linabaki na la mama linaondoka, na nani angemlaumu? Mama aliinamisha kichwa. Hakumwomba kitu.

"Aliipanda kaka yangu kabla hajafa," shangazi alisema. "Inachelewa kukua. Si unaiona baridi yetu?"

Yule bwana aliutazama udongo mbichi, akaitazama mikono ya shangazi iliyochubuka. Hakuwa mjinga. Akatingisha kichwa, akawapungia vijana wa vigingi washuke chini.

Nyundo ilipogonga kigingi cha kwanza kwenye shamba la shangazi, mama akaanza kulia. Shangazi alimvuta kwake, akamziba mdomo kwa kitenge.

"Wifi, nyamaza," alimwambia. "Ukilia watajua."