Mlango wa Nyuma wa Kushoto

Harufu ya ngozi iliyopigwa na jua ndiyo hunirudisha kule. Si ngozi ya viatu wala ya ng'ombe aliyechunwa. Ni ngozi ya viti vya gari, iliyozeeka kwa miaka mingi ya kukaliwa na wakubwa, ikachanganyika na mafuta ya nywele, vumbi la Migori na petroli kidogo iliyovuja mahali ambapo hakuna fundi aliyewahi kupaona. Nikiinusa popote, hata dukani, vidole vya mkono wangu wa kushoto hujikunja vyenyewe. Nilikuwa na miaka kumi, katikati ya miaka ya tisini, na kwa karibu mwaka mzima nilikuwa kipuri cha gari.

Baba alilileta gari lile kutoka Nairobi alipopunguzwa kazi. Lilikuwa la mkurugenzi wake: jeusi, refu, lenye mbao zinazong'aa milangoni, mapazia madogo kwenye kioo cha nyuma na redio ya kaseti. Mtu aliyekaa mjini miaka ishirini hawezi kurudi nyumbani mikono mitupu, basi yeye alirudi na hilo. Siku lilipoingia bomani, majirani waliacha majembe shambani wakaja kulishika kwa viganja. Baba alisimama kando, suti imemkaa vizuri, na hakuna aliyemuuliza kuhusu kazi. Nadhani hapo ndipo alipojua kwamba gari lile litamjibia maswali mengi, na ndipo lilipomshika.

Wahenga walisema nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Sisi ila za gari lile tulizijua moja moja. Saa yake ilikuwa imesimama kwenye kumi na dakika ishirini, na Mama akichelewa sokoni alisema kwa saa ya gari bado ni mapema. Redio ilikuwa imemeza kaseti ya kwaya ikakataa kuitema. Ilinyamaza hadi tuingie shimo, kisha ikaimba ubeti mmoja kwa sauti kuu na kunyamaza tena. Vioo vya nyuma, vilivyopanda na kushuka kwa umeme, vilikufa vikiwa juu. Mshale wa mafuta ulisema nusu tangi siku zote, hata siku tuliposukuma kutoka Rongo. Lakini kasoro kubwa ilikuwa milango. Ilijifunga kwa upepo uliopita katika mirija: dereva akifunga wake, mingine yote ililia "fyuu" na kujibana. Ujanani mwake nadhani ilikuwa ajabu. Uzeeni ilijua kufunga tu. Ile ya mbele bado ilitii mkono, lakini wa nyuma wa kulia ulikuwa maiti, na wa kushoto ulifunguka ukijisikia, hata ukivutwa kutoka nje.

Bwana Twahir, aliyetoka Mombasa na kufungua duka la spea mjini Migori, alilizunguka mara mbili akitikisa kichwa. "Bwana wee, spea za gari hili labda uzioteshe shambani," alimwambia Baba. Ila ni yeye aliyegundua dawa. Chini ya ubao wa mlango wa kushoto kulikuwa na mfuko wa kuwekea magazeti, na nyuma ya mfuko kulikuwa na tundu. Mkono mdogo ungepita hapo, ukapinda kwenda juu, ukagusa chuma chembamba na kukisukuma, na mlango ungefunguka. Alijaribu wake, ukakataa. Alijaribu Baba, ukakataa. Kisha wote wawili wakanitazama mimi.

Tangu siku hiyo sikuwa na Jumamosi. Nani angemnyima jirani gari la harusi? Kila aliyeoa kutoka Migori hadi Rongo alikuja kumwomba Baba, na Baba hakujua kusema hapana, maana kusema hapana ni kukiri kwamba gari ni bovu, na kukiri gari ni bovu ni kukiri mengine. Nami nilikaa nyuma, kando ya maharusi nisiowajua, magauni yao yamenifunika hadi kidevuni, vioo vimefungwa, jasho linanitiririka mgongoni huku wenzangu wakiruka kamba nyumbani. Nje watu walipiga vigelegele. Ndani bibi harusi alijipepea kwa bahasha na kuuliza kwa nini hatufungui dirisha. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Tukifika, Baba alisema maneno mawili tu, bila kugeuka: "Awuor, mkono." Nami niliutumbukiza, nikatafuta chuma, na mlango ukafunguka kana kwamba gari ni zima. Nililichukia gari lile kuliko nilivyowahi kuchukia kitu. Hata hivyo Baba mwaka ule alikuwa hasemi na mtu. Alikula kimya, akalala kimya. Maneno yale mawili ndiyo yaliyokuwa yangu, na niliyangoja.

Mwezi wa nane mkono ulianza kukwaruzika tunduni. Nilikuwa nikikua, jambo ambalo hakuna aliyelipigia hesabu. Niliupaka mafuta ya kupikia kwa siri kabla ya kila safari, nikanyamaza. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mtoto wa miaka kumi anadhani methali zimetungiwa wakubwa.

Ndipo ikaja zamu ya Dani. Hivyo ndivyo tulivyomwita nyanya yetu mzaa mama, aliyeishi kisiwani Takawiri akikausha na kuuza samaki. Macho yake yote mawili yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho. Daktari wa macho alikuja mara moja kwa mwaka katika hospitali moja nje ya Migori, kwa siku mbili tu, na mwaka uliotangulia Dani alifika akakuta amekwisha kuondoka. Mwaka huu tayari alikuwa amevuka ziwa na kufikia kwa ndugu zake Homa Bay. Mama alimwambia Baba, kwa ile sauti isiyongoja jibu, "Hiyo gari inabeba mabibi harusi wa watu kila wiki. Kesho itabeba mama yangu." Alfajiri yeye mwenyewe akaenda hospitalini kumshikia foleni, sisi tukashika njia ya Homa Bay.

Kwa desturi za wazee wetu, mtu na mama mkwe wake huheshimiana kwa kukaa mbali. Hawapeani mikono, hawali pamoja, hawatazamani machoni. Kumweka Dani katika gari moja na mkwewe lilikuwa jambo la kuitiwa kikao. Suluhisho lilipatikana kama lilivyopatikana kwingi: leso pana ya Dani, ya kujitanda, ilifungwa kutoka upande hadi upande, ikatenga viti vya mbele na vya nyuma. Dani akakaa nyuma ya Baba, mwanamke mkubwa wa mwili, amejitanda, nami nikakaa kushoto kwake mlangoni. Walizungumza kupitia kwangu. "Muulize Dani kama amekaa vizuri." "Mwambie baba yako nimekaa vizuri." Hatua mbili hazikuwepo kati yao, nami nilipokea na kupeleka maneno njia nzima, kwaya ikitulipukia kila tulipoangukia shimo.

Tulifika hospitalini saa sita kasoro robo. Baba alisimamisha gari karibu na mlango wa wagonjwa, akazima injini, akasema, "Awuor, mkono."

Mkono uliingia. Lakini pindo la leso lilikuwa limebanwa na mlango tulipoondoka Homa Bay, likajisokota kwenye kufuli, na chuma hakikusogea. Nilisukuma zaidi. Niliuingiza hadi mahali ambapo sikuwahi kufika, mfupa wa kiwiko cha mkono ukapita tundu kwa maumivu, nikakisukuma chuma kwa nguvu zangu zote, nacho kikakataa. Nilipotaka kuurudisha mkono, nao ukakataa.

"Baba, mkono imekwama."

"Imekwama aje?"

Nilianza kulia. Jua lilikuwa juu ya paa, na harufu ya ile ngozi ilinijaa puani. Mama alitokea mbio, akagonga kioo kwa kiganja, sauti yake ikitufikia kwa mbali ingawa uso wake ulikuwa papo hapo. "Mbona hamshuki? Daktari anapanga vitu vyake! Amenipea dakika kumi!" Akaona mkono wangu, akakimbia kurudi kumzuia daktari.

Baba alisema kwa upole, akitazama mbele, "Mwambie Dani mimi nitatoka, niende mbali kabisa. Apitie hapa mbele, atokee mlango wangu."

Dani hakungoja nimpelekee. "Mwambie baba yako sijafikia hapo. Nitambae juu ya kiti cha mkwe wangu, watu wakitazama? Na nimwache mtoto ameshikwa? Heri nirudi Takawiri na giza langu." Wahenga walisema heri kufa macho kuliko kufa moyo, lakini wahenga hawakuwa ndani ya gari lile. Nilijua kwamba nyanya yangu atakuwa kipofu kwa sababu ya mkono wangu, na kwamba nilijua tangu mwezi wa nane. Sijawahi tena kuogopa namna ile.

 Kila Jumapili kabla ya ibada Baba alizisugua zile mbao za milango kwa kitambaa laini, akipuliza na kusugua, na ole wako ukiziwekea kidole chenye mafuta. Nilisikia akifungua kisanduku cha mbele ya gari. Kisha chini ya leso ikapita bisibisi kubwa, imetangulizwa mpini.

"Mama," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema naye moja kwa moja. "Vunja."

Dani aliipokea. Aliinama juu yangu, akapapasa ukingo wa ubao kwa vidole vilivyopasua samaki miaka arobaini, akapata mahali ulipoungana na chuma, akachomeka, akakandamiza kwa uzito wake wote. Ubao ulilia kama mfupa. Mabega ya Baba yaliruka nyuma ya leso, lakini hakugeuka. Akakandamiza tena, ubao ukapasuka kutoka mwanzo hadi mwisho, ukabomoka wote na mfuko wake, na mkono wangu ukatoka umechunika ngozi. Mirija na nyaya zilining'inia nje. Chuma kilikuwa pale, chembamba, cha kuchekesha. Nilikisukuma kwa mkono wa kulia huku Dani akiivuta leso hadi ikachanika, na mlango ukafunguka. Upepo ukaingia. Mama alikuwa amesharudi. Alimshika Dani wakaenda wakikimbia, mmoja haoni, mwingine analia.

Mimi na Baba tulibaki. Alikuja upande wangu akachuchumaa, akanifunga kitambaa chake cha mfukoni. "Ilianza kukwama lini?"

"August."

"Na ukanyamaza?"

"Ungewacha kuniita."

 Aliinamisha paji lake juu ya magoti yangu, mbele ya wagonjwa na wauguzi, na suti yake ile, akalia. Niliona aibu, na niliona furaha, na hadi leo sijui ipi ilizidi.

Dani alitibiwa jicho moja. Jingine daktari alisema muda wake umepita. Kwa lile moja aliona hadi siku alipotuacha, na kitu cha kwanza alichotaka kuona bendeji ilipotolewa kilikuwa mkono wangu. Baba hakuurekebisha mlango. Hakuna bibi harusi aliyetaka kukaa kando ya nyaya, kwa hiyo waombaji wakaisha, na mwaka uliofuata aliliuza gari. Watu walisema amekwisha. Walisema kwa wiki mbili hivi, kisha wakapata mengine ya kusema, naye akalima mahindi.

Siku hizi naendesha gari dogo ambalo linafungua kufuli za milango yake lenyewe nikizima injini, na wanangu hawajui kwamba mlango ni kitu cha kuombwa. Mwezi uliopita nilimpeleka Baba Homa Bay kwa daktari wa macho. Amezeeka, na ukungu ule ule wa Dani umemwingia. Aliuficha mwaka mzima, na sikuwa na haki ya kumgombeza. Alitaka kukaa nyuma, upande wa kushoto. Tulipofika nilizima gari, milango ikafunguka kwa mlio mdogo, lakini yeye hakusogea. Alikaa ametazama mbele asikokuona, viganja magotini, akingoja.

"Awuor," alisema, "mkono."

Nilizunguka nikampa wa kushoto. Aliushika pale penye kovu, akalipitishia kidole gumba mara moja, kisha akashuka.