Nesi wa Wanaoumwa Hesabu

Chumba cha nesi wa shule yetu zamani kilikuwa stoo ya mafagio. Ndani kuna kitanda kimoja, benchi la watu watano ambalo hukaliwa na wanane, mizani inayomzidishia kila mtu kilo mbili, na daftari kubwa lenye jalada jekundu. Wanafunzi humwita nesi Mama Vuguvugu, kwa sababu yeyote anayeingia, awe anatoka damu au anatoka darasani tu, huanza kwa kupewa kikombe cha maji ya vuguvugu.

"Kunywa polepole," humwambia. "Hakuna anayekukimbiza."

Kabla kikombe hakijaisha, nesi anajua. Mwenye homa hunywa kwa kujilazimisha. Mwenye tumbo hukunja uso. Aliyekimbia jaribio hunywa yote, akaomba kingine.

Daftari lina safu ya "anaumwa nini" na safu ya "amepewa nini". Nesi hajui kuandika uongo, kwa hiyo huandika anachokiona. Homa, kidonda cha goti, jino. Halafu: "Anaumwa zamu ya kufagia choo. Ameonyeshwa ufagio, amepona." Na mwaka huu, tena na tena, darasa la sita: "Anaumwa hesabu."

Maneno hayo mawili ndiyo yaliyomponza. Mwalimu wa hesabu, ambaye pia ni makamu wa mwalimu mkuu, alikuja kutafuta plasta, akaliinua daftari hadi karibu na pua, akayasoma.

"Nesi, tangu lini hesabu ikawa ugonjwa?"

"Sijasema ni ugonjwa, mwalimu. Mtu akiumwa na nyuki, nyuki naye ni ugonjwa?"

"Kwa hiyo mimi ndiye nyuki?"

"Kidole kinavuja, mwalimu. Lete nikifunge."

Plasta alipewa. Kesho yake akaiandikia kamati ya shule barua: chumba cha nesi kimekuwa kijiwe cha wavivu, ushahidi ameuandika nesi mwenyewe, kifungwe kiwe stoo ya vitabu. Kikao kikapangwa Alhamisi. Nesi angehamishiwa zahanati iliyo mwendo wa saa mbili kwa basi. Hilo angelivumilia. Kilichomkosesha raha ni yule binti wa darasa la tatu mwenye pumu, ambaye dawa yake ya kuvuta inakaa kwenye droo ya nesi. Kifua kikimbana, angekimbilia wapi? Kwenye vitabu?

Nyumbani hakupata wa kumliwaza. Anaishi na mama mkwe wake, ambaye humwita daktari wa makamasi.

"Wakikufukuza usije ukanigeukia mimi na vipimo vyako," alisema mama mkwe. "Macho yangu mazima. Tazama."

Akachukua sindano na uzi, akageuza mkono upande, na mara uzi ukawa umeshaingia. Nesi aligundua siku nyingi zilizopita kwamba ipo sindano nyingine iliyokwisha kutungwa uzi, imechomekwa nyuma ya ukosi wa gauni. Hajawahi kumuumbua.

"Mazima kabisa, mama," alisema.

Jumatano aliomba kukaa dawati la nyuma katika darasa la sita, lile wanalokalia wagonjwa wake. Macho yao alikwisha kuyapima, hayakuwa na kasoro. Sasa alitazama ubao kwa macho yake mwenyewe. Mstari wa hesabu ulianzia chini ukapanda kama unaelekea darini. Moja na saba zilifanana kama pacha. Sita ilikuwa imeandikwa juu ya nane. Dakika kumi zikatosha kumuumiza kichwa. Mwalimu alikuwa mezani, anasahihisha daftari lililomgusa pua, na nesi akaikumbuka sindano ya mama mkwe. Akakumbuka pia kwamba kila muhula, walimu wanapopimwa macho, huyu husoma herufi za ukutani haraka haraka, kama anayesema kitu alichokihifadhi moyoni.

Alhamisi aliomba kikao kifanyike chumbani kwake. Mwenyekiti wa kamati, mama fundi cherehani, alikaa kwenye kitanda. Wazazi wawili walikaa kwenye benchi pamoja na mwalimu wa hesabu. Mwenyekiti alisoma daftari kwa sauti, akafika kwenye ufagio, akauma midomo ili asicheke.

"Nesi, huku ni kumdhihaki mwalimu."

"Wanaumwa kichwa kweli, mama mwenyekiti. Nami nimeumwa jana. Namwomba mwalimu asome mstari wa nne wa chati ile, kutoka hapo alipo."

Mwalimu hakuhangaika hata kukaza macho. "D, F, P, T, E."

Mzazi mmoja akainamia viatu vyake, mabega yakimtikisika.

"Mimi naona bata," alisema mwenyekiti. "Bata, kikombe, mwavuli, nyumba, na huyu sijui mbuzi au mbwa."

"Mbuzi," alisema nesi. "Ni chati ya watoto wasiojua kusoma. Nimeibandika asubuhi."

"Herufi zimeenda wapi?" aliuliza mwalimu, taratibu.

"Zimo kabatini."

Mwalimu alitazama mikono yake. "Macho yalianza kunisumbua mwaka jana," alisema. "Nikasema wakijua sioni ubao, nani atanisikiliza?"

Nesi akamsogezea kikombe cha maji ya vuguvugu. Alikunywa kwa kujilazimisha.

Kamati ilichukua muda mfupi. Chumba kibaki, nesi abaki, mwalimu aende akapimwe macho hospitali, na daftari liandikwe kwa lugha ya hospitali. Barua yake mwalimu aliichukua mwenyewe, akaikunja ndogo kabisa, akaitia mfukoni.

Miwani ilifika baada ya wiki tatu. Mistari ubaoni ikanyooka, na saba ikaachana na moja. Siku ya nne, wale wa dawati la nyuma wakamjia nesi wote kwa pamoja.

"Mnaumwa nini?"

"Hatuumwi, nesi. Ni mwalimu. Siku hizi anaona mpaka chini ya dawati."

"Sasa mnataka nifanyeje?"

"Si wewe uliyesababisha apewe miwani? Mwambie daktari amfifishie miwani kidogo tu."

Nesi aliahidi kulifikiria, akawarudisha darasani, akafunga mlango ndipo akacheka.