Tai wa Kwanza wa Thaddeus

Mume wangu, Thaddeus Pruski, aliendesha basi la jiji hapa Buffalo miaka thelathini na mmoja bila kugonga hata paka. Ni mtu wa kunyoosha mambo. Ndiyo maana kosa lake moja lilimtafuna vile.

Aprili ya miaka mitatu iliyopita aliona ndege mkubwa wa kichwa cheupe juu ya ziwa la bustani ya mtaani kwetu. Akampigia simu Norbert, mwenyekiti wa chama chao cha watazama ndege, akamwambia ni tai. Hakuna aliyewahi kuandika kwamba ameona tai katika bustani ile. Na watu hawa hawadai ushahidi. Ukisema umeona, umeona.

Jioni akaikuza kwenye kompyuta picha aliyompiga ndege yule. Mstari mweusi ulipita jichoni. Tai hana mstari huo; alikuwa mwewe wa samaki, ndege anayeonekana pale kila mwaka. Nikamwambia apige simu palepale. Akasema kesho. Ijumaa, kwenye mlo wa samaki wa kukaanga ukumbini kanisani, wanachama walisimama wakampigia makofi, na kesho ile haikufika tena. Picha akaifuta. Kufikia Juni, bustani ilishasimamisha kibao cha tai wa kwanza, chenye jina lake.

Basi akawa mfungwa. Kila asubuhi, theluji imfike magotini, yuko ziwani na darubini akitafuta tai wa kweli wa kumfutia uongo. Harusi ya mpwa wangu kule mjini Cleveland hatukwenda, eti tai anaweza kuja siku hiyohiyo. Nilimchukia ndege yule kabla sijamwona. Norbert akamwita Bwana Tai, na Thaddeus akatabasamu kama mtu aliyekanyaga msumari.

Februari hii tai akaja, Jumapili, chama kizima kikiwa ziwani na mimi nimebeba kahawa. Aliyemwona kwanza ni Yesenia, muuguzi, mgeni chamani. Alinyoosha kidole kwenye mti mkavu ng'ambo ya barafu. Kichwa cheupe pe, mstari hakuna. Yesenia akalia.

"Hongera, dada," Norbert akamwambia. "Wa pili, baada ya yule wa Mzee Thaddeus."

Thaddeus akavua kofia katika baridi ile. "Huyu ndiye wa kwanza. Wangu alikuwa mwewe wa samaki, na nilijua siku ileile."

Wakacheka kwa upendo. Norbert akasema huo ndio uungwana, mzee anamwachia mgeni heshima yake. Yesenia akamkumbatia, akisema hawezi kupokea zawadi kubwa hivyo. Thaddeus akanigeukia.

"Waambie, Dolores."

Neno moja lingetosha. Ni mimi tu niliyeiona ile picha. Lakini miaka mitatu nami nilikuwa mke wa Bwana Tai, nikisalimiwa kwanza, nikiachiwa kiti cha mbele, na nilikuwa nimeshaizoea heshima ile. Niliona haya, na bado nikafanya.

"Si mnamjua alivyo," nikasema, nikacheka nao.

Njia nzima ya kurudi nyumbani hakunilaumu. Asubuhi yake nikamkuta mlangoni na darubini shingoni. Nikamuuliza, tai si amekwisha kuja, sasa anakwenda kutafuta nini?

"Sitafuti kitu," akasema. "Humu ndani hamkaliki."