Kilo za Mama
Kutoka uwanja wetu wa ndege hadi ule wa kwa mdogo wangu ni kilomita mia mbili na sitini. Ndege yetu ya abiria kumi na wawili inakwenda dakika hamsini. Upepo ukiwa wa mbele, saa nzima. Nayajua haya kama jina langu, maana kazi yangu ni kupima abiria na mizigo yao, na kuwajibu wanaouliza watafika saa ngapi. Aliyezidi wote kwa kuuliza ni mama yangu mzazi, ninayekaa naye nyumba moja.

Kila mwezi lazima aende kwa kitinda mimba wake. Tiketi ni ya bure, napewa mimi kazini, halafu anakwenda kudekezwa na mwingine! Anayemfulia ni mimi, anayempikia ni mimi. Kitinda anauza vitambaa huko kwake, anamwona mama siku tatu kwa mwezi, basi ndiye malaika. Roho iliniuma, sifichi. Mama akirudi ni Kitinda kasema hivi, Kitinda kafanya vile, nami nanuna, sahani nazibamiza mezani.

Safari hii nikaamua haendi mtu. Ndege ilikuwa imekaribia kujaa uzito, na mkoba wake ukiwa umeshapimwa, zilibaki kilo sabini tu. Sasa, sisi jamaa zetu hatuwasimamishi kwenye mizani. Tunawaheshimu, tunaandika uzito wao wa zamani. Mama nilikuwa namwandikia sabini na mbili, mwaka wa pili huo. Angezidi kidogo, ningemrudisha nyumbani, na sheria ni sheria. Ili wenzangu wasiseme nimemfanyia hila mzazi wangu, nikamwambia apande mizani mbele ya watu.

Akavua viatu, akapanda. Hamsini na nane.

Nikaigonga ile mizani, nikamshusha, nikampandisha tena. Hamsini na nane ile ile. Mwenzangu wa tiketi akasema nafasi ipo tele, bibi apande tu. Mimi nilikuwa namtazama mama shingoni, ndani ya gauni lake pana ninalolifua kila wiki, kama mtu niliyekutana naye pale pale.

Nikamvuta pembeni, nikamuuliza anaumwa nini. Akasema ni tumbo, tangu mwaka jana, na Kitinda ndiye anayempeleka hospitali kila mwezi.

"Mbona hukuniambia mimi, mama?"

"Ningekuambia saa ngapi, mwanangu? Nikimtaja tu mdogo wako, unanuna."

Hakusema kwa hasira. Abiria wakaitwa, akanishika shavu, akaenda kupanda ndege. Nikasimama dirishani mpaka ikapotea.

Nikampigia Kitinda. Hata salamu sikutoa. Nilimwambia mama yuko njiani, nimempima, ni hamsini na nane.



"Amepungua tena, dada," akasema. "Mwezi uliopita alikuwa sitini na moja."

Alikuwa analia. Nami pia machozi yalikuwa yananitoka, lakini hata hapo, Mungu anisamehe, nilimwonea wivu kwa kuijua ile sitini na moja.