Mabomba ya Kwenye Ramani

Mama yangu alipoiona ramani ya miamba niliyoitandaza mezani kwake Newala, alipiga vigelegele. Nilidhani amefurahia kazi yangu. Mimi nafundisha jiografia Masasi, na likizo ile nilibeba ramani nijikumbushe kusoma mlalo wa matabaka ya mawe kabla sijaenda kuwachanganya wanafunzi. Kumbe mama alikuwa ameona mabomba.

Tuseme ukweli, alama zenyewe zinafanana na bomba la uani: mstari mrefu, na katikati yake kijistari kifupi kimechomoza. Mtu wa Newala, anayekinga mvua kwa bati na kuitunza mwaka mzima kwenye kisima cha saruji, ataona nini kingine?

"Moja hili hapa, kwenye mikorosho yetu," mama akasema. "Serikali imetukumbuka."

Nikacheka, nikaenda zangu sokoni. Niliporudi, saruji ya kuzibia nyufa za kisima ilikuwa inafungwa kwenye baiskeli ya mjomba, kaka yake mama, aliyekuwa akiitolea macho siku nyingi kwa ajili ya baraza lake.

"Shikamoo mjomba. Saruji inakwenda wapi?"

"Marahaba, mpwa wangu. Bomba linakuja, kisima cha nini tena?"

Hasira zilinipanda. Mvua ilikuwa karibu. Kisima kisipozibwa, mama angeshinda akishuka bondeni na kupanda na ndoo kichwani, na magoti yake nayajua. Lakini kwetu mjomba hapingwi hivi hivi. Nikawaketisha wote wawili mbele ya ramani.

Mjomba akaanza kusoma namba zilizo kando ya alama. Kwenye vilima vya mawe vya Masasi aliona sabini. Kwetu, mbili.

"Unaona! Masasi mabomba sabini, sisi mawili. Siku zote wanapendelewa hao!" Akanikazia macho kana kwamba mimi ndiye niliyegawa.

Nikaleta mikeka ya plastiki, nikaipanga mmoja juu ya mwingine, nikatia kijiwe chini ya upande mmoja.

"Matabaka ya mawe ndiyo haya. Mstari mrefu unafuata pale ambapo mkeka haupandi wala haushuki. Kijistari kinaonyesha unakoinamia. Namba ni ukali wa mwinamo. Masasi mawe karibu yasimame wima. Ya kwetu yamelala, yameinama kidogo tu kuelekea pwani."

Bado walinitazama tu. Nikachukua kikombe, nikamwaga maji juu ya mkeka.

"Wewe! Maji hayo!" mama akapiga ukelele.

Maji yaliteleza polepole mpaka upande wa chini, alikokaa mjomba, yakamlowesha suruali. Akaruka.

"Ndivyo mvua yetu inavyofanya," nikasema. "Inazama hapa, inafuata tabaka, inakwenda kutokea kwa wengine huko pwani."

Furaha yote ya asubuhi ilimtoka mama usoni, na iliniuma kuwa mimi ndiye niliyeiondoa.

"Kwa hiyo hakuna bomba."

"Hakuna, mama."

Akamgeukia kaka yake. "Kaka, shusha saruji."

Mjomba akashusha huku ananung'unika kuhusu watu wa Masasi. Mama akachukua kanga kuukuu, akaufuta mkeka taratibu, kisha akaikamulia kwenye ndoo.

"Haya hayafiki pwani," akasema.